Miti Mia Tisa ya Kitabuni

Asubuhi ya Ijumaa moja ya mwezi wa tano, Mukashyaka alikaa barazani na kitabu juu ya magoti. Chai yake ya maziwa ilikuwa inapoa pembeni. Hapo kwao, kilimani Rugerero, ukungu ukiondoka mtu huliona ziwa lote mpaka Goma. Lakini Mukashyaka hakuwa na habari na ziwa. Alikuwa anaandika.

Yeye ni mkuu wa kijiji, na watu humwita Mudugudu. Kila mwaka wanakijiji hukaa pamoja na kutoa ahadi zao, yaani imihigo. Husema watapanda miti mingapi, watachimba mitaro mingapi, watajenga vyoo vingapi. Kazi hufanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya kazi ya pamoja iitwayo umuganda, na Mukashyaka huandika yote yaliyofanyika. Kuandika anajua. Karani mmoja aliwahi kuusifu mwandiko wake, na sifa hiyo haijamtoka kichwani hadi leo.

Mumewe, Bahizi, alitoka ndani akivaa koti. Huendesha pikipiki ya abiria kati ya Rugerero na kituo cha mpakani cha Grande Barrière. Wote wawili walikulia Goma, wakarudi Rwanda wakiwa vijana. Mpaka leo, wakitaka kutaniana, hutumia Kiswahili cha huko.

"Mama Belise, chai iko inapoa," alisema. "We, kitabu hiyo itakushibisha?"

"Wacha nimalize, papa Belise. Tathmini ni mwezi ujao. Mwaka huu tena tutakuwa wa kwanza."

"Umeandika miti ngapi?"

"Mia tatu mwaka huu. Mia tatu mwaka jana. Mia tatu mwaka ule mwingine. Donc, mia tisa."

Bahizi aligeuka akatazama kilima kilicho nyuma ya nyumba yao. Alikitazama muda mrefu kidogo.

"Mia tisa!" alisema. "Basi nyani watakuja kukaa kwetu. Mi sijaona hata kivuli."

Mukashyaka hakucheka. Mwanamume huyu, alijiambia, hana heshima kwa kazi ya watu. Ukutani sebuleni kulikuwa na hati mbili za kijiji bora, na yeye huzifuta vumbi kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani.

Bahizi aliwasha pikipiki, kisha akaizima tena.

"Nilisahau kukuambia. Nimepita kwa Pascasie alfajiri. Mvua ya jana imeingiza maji kwake tena. Saa hii imefika mpaka kwa kitanda."

Mukashyaka aliweka kalamu chini.

Pascasie ni mjane. Nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya kilima, na ndiye marraine wa mtoto wao Belise, yaani aliyemsimamia kwenye ubatizo. Mukashyaka alimkuta amepandisha kitenge, anatoa tope kwa koleo. Godoro lilikuwa nje juu ya mawe. Nyuma ya nyumba, ukuta ulikuwa na ufa ambao mtu angeweza kuingiza vidole.

"Ihangane, pole sana, marraine," alisema Mukashyaka.

"Nashukuru. Usiingie na hizo viatu, utaanguka." Pascasie aliendelea kuchota tope. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililomuuma Mukashyaka. "Mwaka ule mwingine ilifika kwa mlango. Mwaka jana ikaingia jikoni. Sasa iko kwa kitanda. Mi nimefikiri sana, Mudugudu. Kama masika ijayo inaingia tena, nitaenda kwa kaka yangu kule Bugeshi. Nyumba hii nitaiacha."

"Utaiacha? Nyumba mzee wako alijenga na mikono yake?"

"Sasa nifanye nini? Mutu anaweza kulala mu maji?"

Mukashyaka alichukua koleo la pili. Walifanya kazi pamoja mpaka mchana, lakini kichwa chake hakikutulia. Kilima kile kina miti mia tisa. Kina mitaro ya kuzuia maji, mita elfu moja na mia mbili, na yeye mwenyewe alizipima kwa kamba. Maji haya yanapita wapi?

Jumatatu alimwita Niyigena, bwana shamba wa eneo lao, ingawa bwana shamba huyu ni mwanamke. Wenyeji humwita Agronome. Niyigena alizaliwa na kusoma Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni. Alishuka kwenye pikipiki ya Bahizi, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Mukashyaka alitabasamu. Salamu hiyo humpata kila mara bila majibu tayari.

"Asante," alisema.

"Unajibu 'marahaba', mama Belise," Bahizi alisema. "Tumefundishwa mara kumi."

Mukashyaka alifungua kitabu na kumwonyesha. Niyigena alisoma kwa makini, ukurasa kwa ukurasa. Kisha akakifunga na kukirudisha taratibu.

"Umeandika vizuri sana, mama. Sasa twende tukaone kilima."

Walianzia juu wakashuka kwa mstari, wakihesabu. Kila walipokuta mti wenye majani, Bahizi alifunga uzi mwekundu kwenye tawi. Uzi ulikuwa mwingi na miti ilikuwa michache. Walipofika chini kwa Pascasie walikuwa wamefunga nyuzi thelathini na saba.

"Tuhesabu tena," alisema Mukashyaka.

Walihesabu tena. Thelathini na saba.

"Mama," alisema Niyigena, "miti hii hupandwa hatua tatu kutoka mmoja hadi mwingine. Kilima hiki kinabeba miti mia tatu na kidogo. Hiyo mia tisa ingekaa wapi?"

Mukashyaka alifumba macho. Aliiona kazi yao ya miaka mitatu. Kila mwezi wa kumi na moja watu hubeba miche, yeye huihesabu inapotoka kitaluni, na watu huipanda. Huipanda wapi? Katika mashimo yale yale ya mwaka uliopita. Mashimo yalikuwa wazi kwa sababu mche wa kwanza ulikufa, na hakuna aliyejiuliza. Kila mtu alifurahi kwamba hakuna kuchimba tena.

Niyigena aliinama, akashika kijiti kikavu, akakivuta. Kilitoka kwa urahisi, na udongo wake wote ukiwa umeshikwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki. Mizizi ilikuwa imejizungusha humo ndani mpaka ikafa.

"Walipanda na kiriba chake," alisema.

"Na nini?"

"Huu mfuko. Lazima uchanwe na kutolewa kabla ya kupanda. Mzizi hautoboi plastiki."

"Ah, sashe!" alisema Bahizi. Kisha akakuna kichwa. "Bon, mi nitasema ukweli. Siku ile ilikuwa na baridi na mvua. Ukitoa sashe, udongo inaanguka, mikono inachafuka. Watu walitaka kumaliza haraka waende kwa mkutano. Na mi nilikuwa kati yao."

"Papa Belise!"

"Uliuliza tumebeba ngapi. Haukuuliza tumepanda namna gani."

Neno hilo lilimchoma Mukashyaka, kwa sababu lilikuwa kweli. Waliona na mitaro. Yote ilikuwepo, mita elfu moja na mia mbili kama ilivyoandikwa, lakini imejaa udongo hadi juu. Maji ya mvua yalikuwa yanapita juu yake bila kusimama, yakienda moja kwa moja kwa Pascasie.

Walikaa juu ya jiwe. Mukashyaka alikishika kitabu kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya.

"Kwa hiyo mi ni mwongo," alisema.

"Hapana, mama. Kitabu chako hakisemi uongo. Kinasema kazi tuliyofanya. Hakisemi kazi hiyo ilileta nini. Ukipika maharage, unahesabu mara ulizokoroga, au unaangalia kama watoto wameshiba?"

"Naangalia watoto."

"Basi na hapa ni hivyo. Serikali na wataalamu wanasema 'maendeleo endelevu'. Maana yake si ngumu. Ni maendeleo yanayotusaidia leo, na wajukuu wetu wakija wayakute. Mti uliopandwa ni kazi. Mti ulio hai baada ya mwaka ni maendeleo. Mtaro uliochimbwa ni kazi. Udongo uliobaki shambani na nyumba isiyoingia maji ni maendeleo. Tukipima kazi peke yake, tunaweza kupata mia kwa mia kila mwaka huku kilima kinaisha."

"Na udongo unapimwaje? Kwa kilo?"

Niyigena alicheka kidogo. Alichukua kijiti kigumu, akakipigilia ardhini kwa jiwe, akaacha kipande kimetokeza. Akatoa rula ya shule mfukoni.

"Nimeacha sentimita kumi juu. Hapo ndipo tunapoanzia. Baada ya mvua tunarudi na rula. Tukikuta kumi na mbili, udongo wa sentimita mbili umekwenda ziwani. Tukikuta kumi, umebaki. Weka vijiti ishirini, juu, katikati na chini. Huhitaji mashine."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo, na jambo moja. Usiangalie kijiji kwa jumla tu. Nyumba sitini hazina maji ndani, sivyo? Ukiandika 'kijiji kiko salama', utaonekana umesema kweli. Lakini Pascasie yuko wapi katika sentensi hiyo?"

Chini yao Pascasie alikuwa anageuza godoro lake juani.

Jioni Bahizi alimwona mkewe amesimama sebuleni mbele ya zile hati.

"Andika mia tisa tu," alimwambia polepole. "Mwaka ujao tutarekebisha. Nani atakuja kuhesabu?"

Alitaka kumsaidia, na Mukashyaka alijua. Na alitamani, tusifichane. Alijiona akiitwa mbele ya watu wa vijiji vyote vya sekta yao, akipigiwa makofi kwa mara ya tatu. Alijiona pia akitajwa wa mwisho. Lakini kila alipofikiria makofi, alisikia koleo la Pascasie likikwaruza sakafu.

"Mwaka ujao Pascasie atakuwa Bugeshi," alisema.

Jumanne kulikuwa na mkutano wa kijiji. Mukashyaka alisimama mbele ya watu, akafungua kitabu.

"Tuliahidi miti mia tatu kila mwaka. Kwa miaka mitatu tumepanda mia tisa. Iliyo hai ni thelathini na saba. Nitaandika thelathini na saba."

Kisha Karenzi aliinuka. Huyu ni askari mstaafu aliyerudi kutoka Uganda, na hapendi kushindwa hata katika kucheza karata.

"Excuse me, Mudugudu," alisema. "Vijiji vingine vitaandika mia kwa mia. Sisi tutajiua wenyewe? Why?"

"Afande, ulikwenda kilimani?"

"Sijakwenda."

"Nenda. Hesabu. Ukipata thelathini na nane, nitaandika thelathini na nane."

Watu walicheka, lakini Karenzi hakucheka. Kwa kuwa ni mtu wa vitendo, alikwenda. Walimwona kwa mbali akipanda kilima akiwa amenyooka, akipotea, akitokea tena. Aliporudi alikuwa na tope hadi magotini na mifuko kumi ya plastiki mkononi. Akaiweka juu ya meza.

"Thelathini na saba," alisema. "Na huu ni ujinga wetu. Sasa tunafanya nini?"

Siku ya tathmini kijiji chao kilitajwa cha kumi na moja kati ya kumi na viwili. Mukashyaka alirudi nyumbani kwa mguu ili asiulizwe maswali njiani. Wiki mbili sokoni walimwita "Mama Thelathini na Saba". Aliumia, na hakuna haja ya kusema hakuumia.

Kiangazi kilipofika, kazi ilianza. Walizibua mitaro yote, udongo uliojaa wakaurudisha mashambani. Kwenye kingo walipanda matete, mizizi ishike udongo na majani yalishe ng'ombe. Mukashyaka alipigilia vijiti ishirini na kuvipaka rangi nyekundu, kila kimoja kikitokeza sentimita kumi. Mvua zilipokuja waliotesha miche mia tatu, si zaidi. Utaratibu ulikuwa mpya: kila kaya miti mitano, na kila mti mmoja ukipandwa, mpandaji analeta sashe yake tupu kwa Karenzi. Karenzi alisimama na gunia kama yuko kwenye kizuizi cha jeshi.

"Afande, mi nimepanda tano," alisema Bahizi.

"Naona sashe nne."

"Ile ingine upepo umechukua."

"Nenda kaufuate huo upepo."

Bahizi alirudi kilimani, akachimbua, akachana, akapanda upya. Ilikuwa mbele ya watu wote, na mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Mwezi wa kumi na mbili walipima kwa mara ya kwanza, na matokeo hayakuwa mazuri yote. Vijiti kumi na vitano vilisoma kumi na moja au chini kidogo. Lakini vitano vya upande wa kushoto vilisoma kumi na nne. Mukashyaka alivunjika moyo.

"Tumefanya yote, Agronome. Mbona huku udongo unakimbia?"

"Usikasirikie kijiti, mama. Kinakuonyesha mahali pa kuangalia."

Wakaangalia. Upande ule ulikuwa na njia ya mkato, iliyonyooka kutoka juu hadi chini, ambayo watu waliipitia kwenda barabara kuu. Kila mvua iliifanya mfereji. Hakuna aliyeiona kuwa tatizo kwa sababu kila mtu aliitumia. Waliifunga kwa matete, wakachimba njia nyingine inayozunguka kilima. Ni ndefu zaidi kwa dakika sita. Watu walilalamika, Bahizi kuliko wote, lakini waliipita.

Mwezi wa tatu walihesabu tena, kila kaya ikisimama kwenye miti yake. Miti mipya iliyo hai ilikuwa mia mbili sitini na nne, mbali na ile thelathini na saba ya zamani. Mukashyaka aliandika. Aliandika na ile iliyokufa, thelathini na sita, na sababu zake: ishirini ng'ombe, kumi na sita ukame wa mwezi wa pili. Hati zake za sebuleni alikuwa amesahau kuzifuta vumbi kwa miezi kadhaa.

Lakini masika yenyewe yalikuwa bado, na ndiyo Pascasie aliyokuwa akiyasubiri. Kaka yake alikwisha mtayarishia chumba.

Mvua kubwa ilikuja Jumatano ya pili ya mwezi wa nne. Ilianza mchana, ikapiga mabati mpaka watu hawakusikilizana ndani ya nyumba, na haikuacha hadi alfajiri. Kulipopambazuka Mukashyaka alivaa mabuti na kushuka kilima karibu akikimbia.

Mitaro ilikuwa imejaa maji, yametulia humo, ya rangi ya chai. Matete yalikuwa yamelala lakini mizizi ilikuwa imeshika. Hakusimama kupima kijiti hata kimoja. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa Pascasie, na mlango ulikuwa umefungwa.

Aligonga. Kimya. Akagonga tena kwa ngumi. Aliukumbuka ule ufa wa ukutani, akapaza sauti.

"Pascasie! Marraine! Fungua!"

Muda ulipita. Kisha mlango ukafunguliwa, na Pascasie akatokea amejifunga blanketi, uso umejaa alama za mto.

"Mudugudu? Kuko nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa. Mvua..."

"Mvua gani?"

Pascasie alichungulia nje. Aliona madimbwi uani. Aliona mashuka yake aliyoyasahau kwenye kamba, yananing'inia na kuchuruzika maji. Akageuka kutazama sakafu nyuma yake. Ilikuwa kavu, na viatu vyake vilikuwa kando ya kitanda pale pale alipoviacha. Akakaa kizingitini.

"Yebabawe," alisema. "Miaka tatu, mvua ikianza, mi nakaa juu ya kitanda nimekunja miguu, nangojea maji. Jana nimelala. Mi sikusikia kitu."

Mukashyaka alitaka kusema jambo la maana, kama inavyompasa mkuu wa kijiji. Halikutoka. Alikaa naye kizingitini, na machozi ya furaha yakamtoka wazi wazi, bila haya.

Pascasie alimtazama.

"We unalia nini, na shuka zangu ndiyo zimelowa?"

Mukashyaka akacheka huku analia. Wakainuka wote wawili. Akashika ncha moja ya shuka, Pascasie akashika ile nyingine, wakaanza kulikamua.